Huenda ya Danson

Danson Mwandawiro, karani wa mizigo katika stesheni ya Voi, alikuwa na vitu viwili ambavyo mkewe Tryphena hakuwahi kuviona vikipumzika: mdomo na sigara. Mdomo usiposoma gazeti, unavuta. Na sigara ambayo haijawashwa ilikaa nyuma ya sikio la kulia ikingoja zamu yake. Kwao ni Wusi, milimani, ambako alisoma kwa wamisheni mpaka wakachoka naye, kisha akateremka Voi kutafuta kazi ya kukaa kitini. Akaipata. Kazi yenyewe ilikuwa kubandika karatasi kwenye magunia na matenga ya kuku, lakini kiti kilikuwapo, na Danson alikikalia kana kwamba ametawazwa.

Treni za Mombasa na Nairobi zilipopita, abiria waliacha magazeti vitini na wafagiaji wakamletea. Gazeti la juma lililopita kwake lilikuwa jipya, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyelisoma. Jumamosi alilikunja kwapani akaenda Kaloleni, mtaa wa pale pale Voi, kwenye mkahawa wa mkewe, akasimama karibu na dirisha na kusoma kwa sauti. Watu walikuja kumsikiliza, na kwa kuwa haikuwa heshima kukaa bure, walikunywa chai.

Mkahawa huo Tryphena aliuanzisha kwa mandazi aliyoyabeba kichwani miaka mingi akiuza stesheni. Mshahara wa Danson uliishia kwenye sigara na viatu vya kung'aa. Chakula, kodi ya chumba na karo ya binti yao Gertrude vilitoka katika sufuria moja kubwa ya chai, na Tryphena alilijua hilo kila asubuhi alipowasha moto.

Siku zile zilikuwa za Hali ya Hatari. Mtu aliyesoma siasa kwa sauti alijitafutia balaa, kwa hiyo Danson alijishikia habari za madaktari. Hakuna askari aliyewahi kumkamata mtu kwa kusoma habari za figo. Na watu walizipenda! Aliposoma kwamba mabingwa fulani wa ng'ambo wanayatilia shaka mayai, wanawake wa Kaloleni waliwafukuza kuku uani kama wezi, wakawatoa kwa bei ya kutupa. Juma lililofuata akasoma kwamba mabingwa wengine wanayasifu mayai, nao wakaanza kuwatafuta kuku wale wale. Aliyekuwa amewanunua wote ni Kituku, mchuuzi wa kuku kutoka Ukambani, ambaye tangu siku hiyo aliiheshimu sana elimu ya madaktari na hakukosa Jumamosi hata moja.

Basi Jumamosi moja ya mwaka 1954 Danson alilifungua gazeti, akakohoa kidogo, akasoma:

"Madaktari wa ng'ambo waliofanya uchunguzi wanasema kwamba chai iliyochemka mno huenda ikadhuru tumbo."

Akanyamaza. Ilikuwa desturi yake kunyamaza palipo na neno la kueleza, maana kueleza ndiko kulikomtia utamu. Na neno hili "huenda" alilijua tangu Wusi. Mwalimu aliwaandikia ubaoni: simba hula nyama, mtoto hulala, treni huenda Mombasa. Danson alikuwa hajaiona treni, lakini aliinakili sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri kuliko wote darasani, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu juu ya "huenda".

"Mmesikia?" akasema. "Huenda. Haikai mdomoni, haikai kooni. Huenda! Inatoka hapa kama gari la moshi, inapita kifuani, inakwenda moja kwa moja mpaka tumboni. Ikifika huko, inadhuru."

"Kila siku?" Kituku akauliza.

"Kila siku. Ndiyo maana wameandika huenda. Ni mazoea yake."

Kituku alikitazama kikombe chake, akakisogeza pembeni kwa kidole kimoja. "Karani, mimi basi. Mimi tumbo langu ni hili moja tu."

Wengine wakasogeza vyao. Tryphena, aliyekuwa amesimama na birika mkononi, alihisi kana kwamba amepigwa kofi mbele za watu.

Habari haikulala Kaloleni. Jioni ile ile, sokoni, chai ilikuwa tayari inatoboa matumbo. Kesho yake mzee wa kanisa, Elijah, aliomba kwa sauti ya kutetemeka kwa ajili ya wote waliofungwa na minyororo ya chai, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameinywa kabla ya ibada kwa sababu, alisema, habari ilikuwa haijamfikia rasmi. Ilipofika kijiji cha Marungu kwa miguu, serikali ilikuwa imekwisha kuipiga chai marufuku na kuna mtu amefungwa. Hakuna aliyemjua mtu huyo, lakini kila mmoja alimhurumia. Na wale wale walioogopa kikombe cha chai kwa ajili ya matumbo yao walionekana jioni na vibuyu vya pombe ya miwa magotini, wakinywa kwa amani, kwa kuwa pombe ya miwa gazeti halikuitaja.

Tryphena alichemsha chai Jumatatu akaimwaga. Jumanne akachemsha nusu, akaimwaga pia. Mandazi yaligeuka mawe. Hapo hofu ilimwingia hasa, si hofu ya tumbo bali ya mwisho wa mwezi, na pamoja na hofu zikaja hasira.

"Baba Gertrude," alimwambia mumewe nyumbani, "umenifungia mlango kwa mdomo wako."

"Si mimi, Mama Gertrude. Ni uchunguzi."

"Huo uchunguzi utamlipia mtoto karo?"

"Uchunguzi hauna ndugu," Danson alijibu, akapendezwa sana na jibu lake. Kisha akamwomba kikombe cha chai. Tryphena alipomkodolea macho, alieleza kwamba tumbo lake yeye limezoea.

Aliyeikata kesi hiyo alikuwa mwenye nyumba, Bi Mwanasiti, mke wa karani wa mahakama. Mama huyo alizaliwa Mombasa, naye alikitumia Kiswahili chake kana kwamba ni mali ya ukoo ambayo watu wa bara wameazimwa tu, na wanairudisha imechakaa. Alikuja kuuliza kodi. Alipoambiwa sababu ya ukumbi kuwa mtupu, alilitaka gazeti, akalisoma akiwa amelishika mbali na uso, kisha akacheka mpaka buibui likamteleza begani.

"Mwanangu Danson, nani kakwambia huenda ni kwenda? Huenda ni labda! Huenda ikadhuru, yaani yamkini itadhuru, yamkini isidhuru. Hawajui hao! Hata wao wenyewe wanakisia."

"Lakini mama, treni huenda Mombasa..."

"Na wewe ungeipanda ukafundishwe lugha."

Alipoondoka, Tryphena alimgeukia mumewe. Hakupiga kelele. "Jumamosi utasimama pale pale uliposimama, uwaambie watu ulikosea."

Danson aliahidi. Jumamosi ilipofika, kichwa kilimuuma. Iliyofuata, stesheni ilikuwa na mizigo mingi mno, magunia ya katani yaliyohitaji jicho la karani. Ukweli ni kwamba aliona heri mkahawa ufe kuliko watu wa Kaloleni wajue kuwa karani wao hakulijua neno la Kiswahili. Mkahawa ungeweza kufunguliwa tena siku moja, lakini jina la msomi likishaingia ufa, alijiambia, nani atauziba? Hivyo ndivyo alivyowaza mume wa Tryphena huku akila ugali wa Tryphena. Na Tryphena akaanza kuuza vikombe vyake kimoja kimoja.

Alikuwa amebakiwa na vya kuhesabika Kituku alipoingia mkahawani, Danson akiwa amepita hapo kula, na gazeti alilolipata kwenye tenga la kuku. Ndani yake palikuwa na picha ya sigara inayofuka moshi. Kituku hakujua kusoma, lakini picha aliijua, na nyuma yake walikuja watu wengi, maana walikuwa wamezikosa habari za kutisha na walianza kuchoka kuishi bila hofu.

"Karani, soma."

Danson akalipokea, na kwa mazoea tu akaanza kusoma kabla ya kutazama mbele. "Madaktari wa ng'ambo baada ya uchunguzi wa muda mrefu wanasema sigara huenda zikaleta kansa ya mapafu."

Akanyamaza, na safari hii si kwa sababu ya kueleza.

Watu wote walilitazama sikio lake la kulia. Sigara ilikuwapo pale, nyeupe, imetulia.

"Huenda!" Kituku akapiga kelele kwa furaha ya mwanafunzi aliyelikumbuka somo. "Inatoka mdomoni kama gari la moshi! Na moshi wenyewe unaonekana! Huenda mpaka mapafuni! Karani, itupe hiyo kitu!"

"Itupe!" wengine wakaitikia. Mmoja aliyeketi karibu alinyoosha mkono aichomoe.

Danson alilifunika sikio kwa kiganja. Aliviona vikombe vichache vilivyobaki, akamwona mkewe na birika lililopoa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomgusa kama kile kidole kilichoikaribia sigara yake. Ndipo ufasaha wote wa pwani ulipomshukia.

"Ndugu zangu, subirini! Mnanielewa vibaya. Huenda, kwa Kiswahili safi, ni labda. Yamkini! Hawajui hao. Wanakisia tu."

Mkono ulioifuata sigara ukashuka.

"Labda?" Kituku aliuliza taratibu. "Na ile ya chai?"

Danson alimtazama Tryphena. Tryphena hakumsaidia hata kwa kope.

"Ile ya chai pia," alisema. "Labda."

Walicheka! Walicheka mpaka waliokuwa barabarani wakaingia kuuliza ni nini, wakaelezwa, nao wakaketi wakacheka. Na kwa kuwa wameketi, na si heshima kukaa bure, mtu akaagiza chai, na mwingine, na Kituku akaagiza yake na ya jirani yake ili kulilipa tumbo alilolinyima. Tryphena alilazimika kuazima vikombe. Moyo wake ulimdunda kwa furaha na kwa uchungu pamoja, kwa sababu aliona wazi kilichouokoa mkahawa wake. Karo ya Gertrude haikumfungua mumewe mdomo, wala vikombe vyake vilivyouzwa. Ilikuwa sigara.

Danson alisahau aibu upesi. Kabla ya Jumamosi nyingine alikuwa akieleza kwamba alijua tangu mwanzo, ila alikuwa akiwapima. Aliiwasha sigara mbele yao wote, nao waliokuwa nazo wakawasha, na mkahawa ukajaa moshi na labda.

Habari ya chai haikuonekana tena gazetini. Ilikwenda zake kama habari ya mayai. Lakini ile ya sigara haikuwa na adabu ya kuondoka. Ilirudi mwaka uliofuata, ikarudi tena, na kila iliporudi Danson aliisoma haraka zaidi na kulitamka "huenda" kwa sauti kubwa zaidi. Kisha likaja gazeti ambalo Tryphena, aliyesoma polepole kwa kufuata kidole kama asomavyo Biblia, alilikuta alipokuwa akifungia mandazi.

"Baba Gertrude, wewe Jumamosi umesoma huenda. Humu hamna huenda. Wameandika sigara zinaleta."

Danson alikohoa, akafuta midomo. "Wamesahau. Wapiga chapa nao ni watu, Mama Gertrude. Mimi nimewasaidia tu."

Kikohozi hicho kilikuwa kimeanza wakati wa mvua na watu wakasema ni mvua. Jua lilipowaka wakasema ni vumbi. Elijah alisema ni jicho la mtu, na Kituku, aliyempenda kwa dhati, alimletea kuku wa supu. Kila mtu Kaloleni alikuwa na uchunguzi wake kuhusu kifua cha karani, na hakuna uchunguzi hata mmoja uliotaja kilichokaa nyuma ya sikio lake. Mwaka 1959 suruali zake zilipoanza kumvuka na kitambaa chake kikaonekana na damu, Tryphena aliufunga mkahawa kwa mkono wake mwenyewe, akamwingiza kwenye treni, wakaenda Mombasa.

Huko alipigwa picha ya kifua. Daktari Mzungu aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema maneno machache akigonga mahali palipokuwa na kivuli. Mkalimani, kijana wa mjini mwenye Kiswahili cha kwao, akayageuza kwa upole.

"Daktari asema kivuli hiki huenda ni kansa."

Tryphena aliukumbatia mkoba kifuani. Kisha akauliza, na hapakuwa na mzaha wowote katika sauti yake.

"Samahani, mwanangu. Huenda hiyo ni ya Bi Mwanasiti, au ni ya mume wangu?"

Mkalimani hakuelewa. Alimtazama daktari, daktari akamtazama Danson. Danson aliupeleka mkono nyuma ya sikio la kulia, akakuta hamna kitu, maana Tryphena alikuwa ameitoa sigara njiani, stesheni ya Mariakani.

"Ni ya kwangu, Mama Gertrude," alisema. "Ile ya treni."