Dhiil ya Mama na Sabuni ya Limau

Sitaki mtu acheke kabla sijamaliza, ingawa najua mtacheka, kwa sababu hata mimi nilipoanza kuyasimulia haya pale kantini ya chuo nilicheka, halafu katikati kicheko kikaniishia, chai yangu ikapoa. Aibu ni yangu peke yangu. Mimi Maryan, mwalimu wa elimu ya vijidudu hapa Garissa, ninayewaambia wanafunzi kila muhula kwamba si kila bakteria ni adui, niliwaua kwa mikono yangu bakteria pekee duniani niliokuwa nawapenda.

Mama aliniachia dhiil moja. (Kwa wasiojua, dhiil ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kikakazwa mpaka hakivuji, na hakioshwi kwa sabuni, hufukizwa tu kwa moshi wa vijiti.) Alikuja nayo kutoka Hulugho alipoolewa, na alipofariki ndugu zangu wakagawana ngamia, mimi nikaomba hiyo dhiil tu, wakaniona mjinga. Lakini nilijua ninachoomba. Ukimimina maziwa ya ngamia humo jioni, asubuhi unakuta susa, maziwa mgando yenye ukali kidogo na moshi kwa mbali, ladha yake ileile, unaweza kudhani Mama ametoka tu kwenda kwa jirani na atarudi sasa hivi. Kila Ijumaa Habaryar Dahabo, mdogo wake Mama anayekaa mtaa wa Galbet, alikuwa anakuja kunywa kikombe chake. Hatukuongea sana siku hizo, tulikunywa tu.

Basi kongamano la kitaifa la wataalamu wa vijidudu likaletwa kwetu, mara ya kwanza, katika mji huu wa chuo ambao watu wa Nairobi wakiutaja hupunguza sauti, na sisi tukasema sasa watakuja wauone mto Tana, waone soko la mifugo, wale nyama ya ngamia, warudi wakitusifu. Nikapewa nafasi jukwaani, nikaamua kuonyesha dhiil ya Mama. Mpango ulikuwa rahisi: nichemshe maziwa mpaka yasibaki na kitu hai, yapoe, niyamimine kwenye dhiil, na kesho yake ukumbi mzima uone, kwa hadubini iliyounganishwa na skrini kubwa, kwamba uhai ule ulitoka chomboni, mikononi mwa mama mmoja wa Hulugho. Profesa aliyenifundisha Nairobi angekaa mbele. Nilitaka amjue Mama. Hilo ndilo nililolitaka hasa, kongamano lilikuwa kisingizio.

Siku moja kabla, wageni wa kwanza wakapita maabara kunisalimia, na mhadhiri mmoja nadhifu (shati halina hata tone la jasho, sijui alipita jua gani) akanusanusa, akauliza kwa adabu kabisa kama kuna kitu kimeungua. Ilikuwa dhiil. Nikacheka, nikamwambia ni waya wa zamani (nilimwita Mama waya, fikirieni), na walipoondoka nikaitazama dhiil ile kwa macho ya mgeni, nyeusi, imeshika masizi, inanuka, nikaona haya. Nikajiambia niioshe kidogo tu, juujuu, ili Profesa akiishika asichafuke vidole. Kidogo kile kikawa maji ya moto, maji ya moto yakawa yanayochemka, yakataka sabuni, na sabuni iliyokuwepo ni ile ya vyombo, ya kijani, yenye harufu ya limau. Nikasugua nje, nikasugua ndani. Mwanamke wa maabara akishaanza kusugua haachi. Maji ya mwisho yalipotoka bila weusi wowote nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikamimina maziwa yangu nikaenda kupokea wageni wengine.

Asubuhi maziwa yalikuwa majimaji vilevile. Nikalaumu kiyoyozi. Ndani ya moyo nilishajua, lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na Habaryar alikuwa ameshaketi safu ya mbele na shela yake mpya, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia kwamba leo Kenya nzima itakunywa maziwa ya dada yake. Nikaitikisa dhiil kama Mama alivyokuwa akiitikisa, nikamimina, na povu likapanda, likazidi kupanda, likamwagika mezani, watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo sifa ya maziwa ya ngamia. Profesa akawa wa kwanza kuonja. Povu likamkaa kwenye masharubu, akatulia, kisha akameza jinsi mtu anavyomeza kidonge.

Nikakimbilia hadubini, maana hapo ndipo pangeniokoa. Kwenye skrini yakatokea matone ya mafuta na mapovu. Nikasogeza kioo kushoto, nikasogeza kulia, hakuna hata bakteria mmoja aliyetikisika.

"Maryan," Profesa akauliza taratibu, "uliiosha?"

"Kidogo," nikasema.

Ukumbi ukaangua kicheko, wataalamu wa vijidudu nchi nzima, wengine wakifuta machozi, na mimi nikacheka nao, ningefanya nini? Kisha nikamwona Habaryar. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, anakinusa, hacheki. Akakinywa chote, na povu lake, akaja mpaka pale nilipokuwa nakusanya vitu vyangu. (Sisi huitana jina moja, yeye ni habaryar wangu, yaani mama mdogo, naye huniita mimi habaryar vivyo hivyo.)

"Maziwa ni safi, habaryar," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini dada yangu ameenda wapi?"

Nikampa dhiil ainuse, akakuta limau tupu.

Nimeagiza vijiti kutoka Hulugho, vilevile alivyovitumia Mama, nafukiza mpaka majirani wanakohoa, na maziwa siku hizi yanaganda vizuri, wageni wanayasifu. Ni matamu. Si ya Mama. Nimeapa sitamwomba tena mgeni radhi kwa harufu ya nyumbani kwetu, auliziaye moshi nitamwambia ni mama yangu, asogee anuse vizuri. Ila kiapo hakimrudishi mtu, na namkumbuka sana, zaidi asubuhi ninapofungua kifuniko.

Habaryar bado anakuja kila Ijumaa. Anakunywa mpaka mwisho, anafumba macho kidogo, anatikisa kichwa.

"Bado," anasema, halafu ananirudishia kikombe. "Nitakuja Ijumaa."