Jina Lililokuwemo Daftarini

Mwalimu hakuwa tena mwalimu, ila jina lilimganda. Alifundisha lugha ya kigeni sekondari miaka ishirini na sita, akastaafu, akaapishwa kuwa mfasiri wa hati. Kwa miaka tisa tumegawana chumba kimoja ghorofa ya pili: mimi na mashine yangu ya kutoa nakala upande wa mlango, yeye na meza yake dirishani. Watu huniita Mama Nakala. Yeye hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja; aliniita dada, kwa adabu ile ya mtu anayepiga pasi hadi leso.

Niseme ukweli, alikuwa akiniudhi. Siku moja mtu alileta cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa tarehe thelathini na moja mwezi wa sita, na Mwalimu akakifasiri vivyo hivyo.

"Lakini Mwalimu, siku hiyo haipo!"

"Kwenye karatasi ipo, dada. Mimi sikuapa kurekebisha. Niliapa kufasiri."

Kiapo chenyewe kilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa chake: kufasiri kilichomo bila kuongeza wala kupunguza, na kutotoa nje siri ya hati yoyote. Nimekisoma mara nyingi kuliko maandiko matakatifu, maana mashine ikikwama sina kingine cha kutazama. Wateja walimpenda kwa ugumu wake huo. Hati yenye muhuri wake haikurudishwa na ubalozi wowote.

Tena alikuwa na daftari. Kubwa, jalada gumu, lenye herufi pembeni. Kila Alhamisi alasiri aliandika humo kila jina lililotokea katika hati za wiki ile, na si la mteja tu: la baba, la shahidi, la daktari aliyetia saini, hata la marehemu, na mbele ya jina namba ya faili. "Bado unaita mahudhurio, Mwalimu?" nilizoea kumtania. Alikuwa akitabasamu nusu mdomo na kuendelea kuandika.

Wateja wetu wengi ni watu wanaokwenda kufunga ndoa nje na wachumba wa huko. Ukitaka kujua mapenzi ni kazi, njoo ukae chumbani kwetu siku moja. Cheti cha kuzaliwa, kiapo kwamba hujawahi kuolewa, hati ya tabia njema ya polisi, barua ya wazazi. Kila kimoja kifasiriwe, kigongwe muhuri, kipelekwe wizarani kigongwe mwingine. Mwisho wa yote msajili wa ndoa anakupa hati ya kutokuwa na pingamizi, na bila hiyo huko uendako hakuna atakayekufungisha ndoa.

Mwaka huu, mwezi wa nne, akaja binti muuguzi wa zahanati iliyo nyuma ya jengo letu. Mcheshi, mwenye sauti ya kuamshia wagonjwa.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kuolewa."

"Marahaba. Na nani?"

"Naona ni na karatasi."

Tulicheka wote. Hata Mwalimu. Tangu siku hiyo kila akija na hati mpya alituletea na habari za mchumba: walikutana mtandaoni, akaja kumwona wiki mbili, wazazi wakampenda, mtu mpole, hapandishi sauti. Nilimpenda yule binti, na ndiyo maana mambo haya yananiuma mpaka leo.

Msajili alikataa kumpa ile hati ya mwisho mpaka athibitishe kwamba mwanamume naye yuko huru kuoa. Jumatatu moja Muuguzi akaleta bahasha kutoka nje. Mchumba alikuwa mjane, na ndani kulikuwa na cheti cha kifo cha mke wa kwanza.

"Maskini, aliumwa muda mrefu," Muuguzi alisema. "Hapendi hata kuzungumza habari zake. Mimi nikaona nisimchokonoe."

Nilimwona Mwalimu akiinua macho kutoka kwenye cheti, akamtazama, kisha akayateremsha.  Alifasiri, akagonga muhuri, akatia ndani ya bahasha na kuifunga kwa gundi, kwa sababu hati za msajili hupelekwa bila mteja kuzifungua. Mimi nilitoa nakala mbili za faili bila kusoma hata mstari. Kwa siku hupita mikononi mwangu sura za watu mia. Ningekuwa nazisoma zote ningekuwa nimerukwa na akili.

Ikafika Alhamisi, siku ya daftari. Nilikuwa nabadilisha wino, mikono myeusi, nikasikia kalamu imenyamaza. Mwalimu akiandika majina kalamu yake hukwaruza bila kusita. Nikageuka. Alikuwa amekaa na kidole juu ya ukurasa kana kwamba akikiondoa kitu kitatoroka.

"Dada, funga mlango."

Nikaufunga. Akainuka, akateremsha faili la miaka minne nyuma, akaja kuweka karatasi mbili juu ya mashine yangu. Moja ilikuwa nakala ya tafsiri ya cheti cha kifo, ile ya Jumatatu. Nyingine ilikuwa nakala ya pasipoti, yenye picha, na picha ile niliitambua kabla sijasoma neno. Ningeachaje kuitambua? Nakala hiyo niliitoa mimi, na mwenyewe alikuwa amesimama pale pale mlangoni akinihimiza, "Fanya haraka mama, mume ananingoja!"

Alikuwa Kidosho, binti wa Fundi.

Fundi ni mama anayeshona sare za shule chini, chumba cha kwanza ukiingia. Mumewe alifariki Kidosho akiwa darasa la pili, na huyo ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, hadi alipoolewa nje miaka minne nyuma. Jina la kwenye pasipoti hakuna aliyelitumia. Jengo zima tulimwita Kidosho. Lile la pasipoti lilikuwa jina la dini, ambalo mwanamke wa nchi yoyote angeweza kuwa nalo.

"Niliandika jina lake kwa mkono wangu," Mwalimu alisema. "Majina hayafasiriwi, dada. Mkono unanakili, jicho liko kwenye neno linalofuata. Leo nimefika kwenye herufi yake, nikalikuta limo."

"Labda wanafanana majina."

Akanionyesha tarehe ya kuzaliwa. Ilikuwa moja. Akanionyesha jina la mume, kwenye faili la miaka minne na kwenye faili la Muuguzi. Lilikuwa moja. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa sababu ya kifo, ulioandikwa kwa mwandiko wake safi: kuanguka kutoka juu.

"Si alisema aliumwa?" nikauliza.

"Alisema. Nilisikia. Nikafasiri kilichoandikwa."

Kilichonitisha zaidi si hicho. Kifo kiliandikwa mwezi wa tatu, miaka miwili iliyopita. Na Jumapili iliyopita, siku nne tu nyuma, Fundi alinisimamisha ngazini, miwani puani, anisomee ujumbe wa mwanawe kama anavyonisomea kila mwezi: *Niko salama mama. Kazi ni nyingi. Usipige, nitakuandikia. Kidosho wako.* Nilimwambia, "Hongera, mwanao anakukumbuka." Mimi, kwa mdomo wangu huu.

Nikasema twende polisi. Mwalimu akakaa chini. Akaanza kunieleza habari za kiapo, kwamba hati ni siri ya mteja, kwamba wakijua watamnyang'anya muhuri, na bila muhuri yeye ni mzee mwenye kalamu tu. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kumwonyesha mtu.

"Basi subiri," nikamwambia. "Kaa hapo hapo. Huyu naye akishaanguka, cheti chake watakuletea, utakifasiri vizuri, hutaongeza wala kupunguza."

 Aliondoka jioni ile bila kuniaga, jambo ambalo halikuwa limetokea katika miaka tisa. Mezani kwake ilibaki hati ya Muuguzi ya kutokuwa na pingamizi, msajili ameshaitoa, bado tafsiri na muhuri. Muuguzi angeifuata kesho asubuhi. Safari ilikuwa Jumapili.

Ijumaa nilipofika nilimkuta Mwalimu tayari, na Fundi amekaa kwenye kiti cha wateja, utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa ameshasomewa cheti. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akicheka.

"Mama Nakala, njoo umsikie Mwalimu! Ananizikia mtoto aliye hai." Akanionyesha simu. "Si huyu hapa? Si nilikusomea Jumapili?"

"Ulinisomea, dada yangu."

"Basi mwambie!"

 Mwalimu aliomba auone ujumbe. Akausoma, akapanda juu kusoma wa mwezi uliotangulia, na mwingine, polepole, kama anasahihisha mtihani.

"Mama, Kidosho mara ya mwisho ulimsikia sauti lini?"

"Ah, simu za huko..." Fundi akaanza. Akahesabu kwa vidole, akaacha katikati.

Hapo mlango ukafunguliwa, Muuguzi akaingia na sauti yake. "Shikamooni jamani! Leo ndiyo leo, nipeni karatasi yangu nikaolewe!" Akatuona nyuso, akasimama.

Mwalimu akamwomba akae. Akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza: jina la mume, faili la miaka minne, cheti, mstari wa kuanguka, na kwamba huyu aliyekaa hapa ndiye mama wa marehemu. Muuguzi alisikiliza mkono ukiwa kifuani. Mwisho akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Aliniambia mkewe alikuwa wa huko huko. Lazima kuna makosa. Watu huchanganya karatasi."

"Makosa yapo," Fundi akadakia, akamshika mkono kama wako upande mmoja. "Nitamuuliza mwanangu mwenyewe."

Alivaa miwani akaanza kuandika. Nilidhani ataandika, uko hai? Lakini mama ni mama, na yule mwanamke si mjinga. Kidole chake kilisita, akafuta, akaandika upya, akatusomea kabla ya kutuma: "Kidosho, baba yako amerudi kutoka safari, anakusalimia."

Tukangoja. Chini mtu aligonga mlango wa Fundi akiulizia sare, akachoka, akaondoka. Simu ikalia. Fundi aliisoma kimya, kisha akanipa mimi, na nikasoma kwa sauti kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza.

*Mama mpendwa, nimefurahi sana. Mwambie baba ninampenda na awe na afya nzuri. Kazi ni nyingi. Kidosho wako.*

Fundi hakupiga ukelele. Alivua utepe shingoni, akaukunja, akaufungua, akaukunja tena. "Alimzika baba yake akiwa na miaka minane," alisema. "Alitupa udongo kwa mkono wake." Halafu akainama mpaka paji la uso likagusa meza ya Mwalimu. Nilimshika mabega. Nililia mimi kwanza, sioni aibu kusema. Mwalimu alisimama akitazama nje ya dirisha, na hati ya Muuguzi ilikuwa mkononi mwake, imepasuliwa vipande viwili. Ilikuwa hati halali ya serikali. Sikusikia alipoipasua.

Muuguzi alikuwa hajasogea. "Wiki iliyopita," akasema, kama anajisemea, "aliniuliza mama yangu huniitaje nyumbani. Nikamwambia huniita Kitinda, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho. Akasema ni jina zuri. Akaomba na namba ya mama, ili awe anamsalimia."

"Ukampa?" nikauliza.

"Nikampa."

Fundi akainua uso. Ulikuwa umelowa wote, lakini sauti ilikuwa kavu. "Mpigie mama yako. Sasa hivi. Usimwandikie, mpigie aisikie sauti yako."

Binti akabonyeza namba ya mama yake kwenye simu. Akaiweka mezani, akafungua spika. Ililia mara nyingi. Kisha ikapokewa, na sauti ya mama yake ikajaa chumbani, yenye uchangamfu ule ule wa mwanawe.

"Kitinda? Mbona unapiga, na kwa namba hii? Si asubuhi umeniandikia kwamba umebadilisha, hii niifute, tena nisikupigie, kazi ni nyingi, tuwe tunaandikiana tu?"