Katuni ya Radi

Nilikuwa na wiki moja tu tangu nianze kufundisha chekechea Kidichi, mimi mjuaji wa mjini, nisiyeuliza kitu. Mvua ilipotufungia ndani nikawawekea watoto katuni ya zamani. Paka alipigwa radi, akaanguka mweusi kama mkaa, kisha akaamka, akajifuta masizi akaenda zake. Watoto wakacheka. Nasra peke yake akauliza kama watu nao huamka.

"Huamka," nikamjibu, nikijiona hodari wa kutuliza watoto. "Radi inapaka masizi tu."

Asubuhi mama yake alinijia, buibui lina tope magotini.

"Mwalimu, baba yake Nasra kafa kwa radi, juu ya mkarafuu. Leo nimemkuta mtoto kaburini na kopo la maji na sabuni. Anamngoja aamke, amnawishe."