Fito Arobaini na Sita za Luteni Mogaka

Saa kumi na mbili asubuhi, maji yamekupwa, na Luteni Phineas Mogaka amezama hadi mapajani katika tope la mkono wa bahari wa Siyu. Kofia yake nyeupe ameiacha mtumbwini. Amekumbatia ufito wa mkoko, anaudidimiza kwa uzito wa mwili mzima.

"Umepinda, Bwana Luteni," anasema Bwanamkuu Shee, nahodha mzee wa Siyu, akiwa ameketi mtumbwini. "Ung'oe, uanze tena."

"Huu ni wa thelathini na nane, Bwana. Mgongo umekwisha."

"Ulipokuwa wazing'oa, mgongo haukuuma?"

Luteni anacheka, anaung'oa, anaanza upya. Alhamisi, siku mbili zijazo, mkubwa wake atafika kutoka Mombasa. Luteni ataipitisha boti ya doria hapa mbele ya macho yake. Akifaulu, atakabidhiwa boti aiongoze. Akikwama, atarudishwa ghalani kuhesabu kamba, na nafasi nyingine hapewi.

Mogaka alizaliwa Kisii, kwa mkulima wa wimbi ambaye hajaiona bahari mpaka leo. Mwaka 1953, akiwa na elimu ya darasa la nne, aliajiriwa kufagia sitaha katika meli za kikosi cha wanamaji cha mkoloni. Kikosi kile kilivunjwa mwaka 1962, akarudi shambani. Jeshi letu la wanamaji lilipoanzishwa miaka miwili baadaye, alirudi Mombasa na sanduku la bati.

Akiwa na miaka thelathini alijiunga na masomo ya jioni, akaketi dawati moja na makuli wa bandarini.

"Nilikuwa napiga goti chini ya ngazi, namwomba Mungu anifungue akili, ndipo naingia darasani," anasema. "Mtihani wa uafisa nilianguka mara mbili. Sikuacha kuomba, na sikuacha kurudi."

Mara ya tatu alifaulu.

Machi mwaka huu, 1968, alipewa boti kwa majaribio. Alipofika Siyu maji yakiwa yamejaa, aliona safu ya fito zilizofungwa vitawi vya majani juu. Katika ramani yake hazikuwepo. Akadhani ni mitego ya samaki iliyoziba mkondo, akaamuru mabaharia wazing'oe zote, arobaini na sita.

Zilikuwa alama. Kila ufito ulionyesha fungu la mchanga linapoanzia. Alipogeuza boti kurudi, maji yakipungua, alipanda fungu na kulala ubavu kwa muda wa saa sita, Siyu nzima ikitazama na kucheka.

"Mmeng'oa ndia!" Bi Radhiya, msusi wa mikeka, alimpigia kelele kutoka ufukweni. "Sasa mwapita wapi?"

Kesho yake kicheko kiliisha. Mashua iliyokuwa ikimpeleka binti wa Bi Radhiya mjini Faza kujifungua ilikwama palepale. Mtoto alizaliwa humo, juani. Kwa rehema za Mungu, wote wawili wako salama.

"Ningeweza kuandika katika ripoti kwamba ramani ilikuwa na kosa," Luteni anasema. "Nilipiga goti kwanza. Nilipoinuka, nikaandika kosa kwa jina langu."

Ripoti hiyo ilimpokonya boti. Ndipo akaomba kutahiniwa palepale alipokosea, akamwendea Bwanamkuu amfundishe mkondo. Mzee alikubali kwa sharti moja: kila ufito aurudishe kwa mikono yake, baharia yeyote asimsaidie.

Ufukweni, Bi Radhiya amesimama na mjukuu wake, yule aliyezaliwa mashuani, begani.

"Bwana Luteni! Huyu asema Alhamisi atapanda na wewe!"

"Mwambie aje, Bi! Yeye na mkondo huu wajuana kuliko mimi!"

Akifaulu, Luteni anakusudia kuzichora fito zote katika ramani ya jeshi, na pembeni aandike jina la aliyemfundisha.

"Na ukikwama?" Bwanamkuu anamuuliza.

Luteni anapangusa tope usoni. "Nikikwama, Bwana, fito zitabaki. Mashua ya Faza itapita."

Bwanamkuu anautazama ufito wa thelathini na nane, umesimama wima. Maji yameanza kujaa. Anamnyooshea wa thelathini na tisa.