Kibuyu cha Mama Mkwe

Kabla ya kupata jina, ugonjwa wangu uliitwa vumbi la chaki. Ndivyo alivyoamua bwana mmoja wa kliniki ya sokoni, bila hata kuinuka kitini. Mwalimu macho yanamchoma kama yana mchanga, mdomo umekauka mpaka ugali haushuki: chaki. Na mifupa inayouma, na mawe kwenye figo? Uchovu. Koti lake lilikuwa jeupe sana kwa kuwa halikuwahi kufanya kazi.

Mama mkwe hakuwa na koti, alikuwa na ng'ombe. Kwake dawa ya mifupa ni maziwa, basi. Kila Jumapili baada ya kanisa aliniletea kibuyu cha mursik, maziwa lala yenye mkaa, akaketi mbele yangu mpaka nimalize. Kwetu mke hakatai kibuyu cha mama mkwe. Nilimdharau, na nikanywa. Bila mate, ni maziwa tu yaliyoteleza kooni.

Hatimaye daktari mmoja Kericho alinipima damu. Akasema nina magonjwa mawili. Mwili wangu wenyewe ulikuwa unashambulia tezi za mate na machozi; huo hauponi. Na tezi moja ndogo shingoni ilikuwa imezidisha kazi, inatoa kalsiamu mifupani na kuimwaga kwenye damu, hiyo hukatwa. Kwa sasa, nipunguze maziwa.

Nilimpelekea mama mkwe habari hizo kwa furaha mbaya.

"Tangu lini maziwa imekuwa sumu?"

"Daktari ndiye amesema, Mama. Ungesoma kidogo ungeelewa."

Alichukua kibuyu chake akaenda. Nilijiona mshindi.

Nikapasuliwa, tezi ya shingoni ikatolewa. Kesho yake midomo ilianza kufa ganzi, vidole vikajikunja vyenyewe kama vya kuku. Mifupa iliyonyonywa miaka yote sasa ilikuwa inajirudishia kalsiamu yake, na damu imeishiwa. Daktari akaagiza sindano, vidonge, na maziwa mengi.

Mama mkwe alikuwa kando ya kitanda, kibuyu magotini, amesikia yote.

"Amesema nini?" aliuliza, wodi nzima ikageuka.

Nilikuwa na hofu ya kufa. Nikamwambia.

"Sema tena, mwalimu. Mimi sijasoma."

Nikasema tena, kwa sauti. Vidole vyangu havikuweza kushika kitu, kwa hiyo akaninywesha mwenyewe, polepole, kama mtoto. Sijawahi kumchukia kama siku ile, na nilikunywa yote.