Leso Iliyotufunga Mimi na Wandera

Malaba ya miaka ya sabini ilinuka dizeli hata ndani ya uji. Malori ya kwenda Uganda yalipanga foleni mbele ya nyumba yetu, ndefu kuliko treni kumi, na honi zao zingeweza kumwamsha marehemu. Mdogo wangu Wandera, wa miaka minne, aliyezaliwa na hali ambayo leo inaitwa Down syndrome, alipita katikati yao kama yuko shambani kwetu Bukhayo. Ukimwita, hageuki. "Huyu ni kichwa ngumu!" mama alisema, akatufunga kiunoni kwa leso moja, mimi na yeye, kutoka chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni. Nilikuwa na miaka minane. Wenzangu walipita na sare zao za shule wakinicheka: "Mama Wandera, mbuzi wako ameshiba?" Chooni tulikwenda wawili, kisimani wawili, hata ndoto nadhani tuliota kwa zamu.

Mama aliahidi kwamba siku Wandera atakapoitikia, nitaingia shule. Basi nikapata ujanja. Mama akiita, navuta leso kidogo, chini chini, naye Wandera anageuka na lile tabasamu la uso mzima. "Siku hizi anatii!" mama aliwatangazia majirani, nadhani hadi watu wa Matayos, mbali kule, wakasikia. Baada ya mwezi akanishonea sare, akafungua fundo.

Shuleni sikufika. Sijamaliza hatua ishirini, nikasikia lori likirudi nyuma na tanboi wake, yule msaidizi wa dereva, akipiga bodi: "Wewe toto! Toka hapo!" Wandera alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu, akipanga vijiwe vyake. Mama naye alimwita kutoka jikoni, bila haraka, akingoja atii. Nilikimbia nikamnyakua kwa shati. Gurudumu likasaga vijiwe.

"Mama, hasikii," nilisema. "Ni mimi nilikuwa namvuta."

Hakunichapa. Alikaa vumbini, akamwambia Wandera pole, pole sana, akiongea na kisogo chake. Halafu akaenda kuchukua leso.

Nilisoma baadaye, shule ya jioni, nikiwa na watoto watatu. Juzi kwenye kliniki moja Busia nilimwona mtoto mchanga mwenye Down akipimwa masikio. Muuguzi akanieleza kwamba wengi wao hujaa ute nyuma ya ngoma ya sikio, wasisikie vizuri, na mara nyingi hutibika.

"Sista," nilimwambia nikicheka, "mimi nilimpima mdogo wangu kabla hujazaliwa. Nikaficha majibu mwezi mzima."

Yeye hakucheka.