Joska na Mashine ya Midomo Tisini na Sita

Hebu mwone Joska Ayaa anavyofika kazini. Anapanda kutoka mtaa wa Kamwokya kwa miguu, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mkoba kwapani, na kabla hajalifikia geti la maabara, mlinzi amekwisha kulifungua. Haitwi kwa jina. "Mama Mkono, karibu!" Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemshinda kwa pipeti, kile kibomba cha kunyonya dawa na kuidondosha tone kwa tone. Ukimtazama ungedhani mama anatia chumvi mchuzini: hapimi, wala hakosei.

Basi ikaletwa mashine.

Kubwa kama kabati la nguo, ina midomo tisini na sita ya kudondoshea dawa, na kazi ya Joska ya kutwa nzima yenyewe iliimaliza chai ikiwa bado ya moto. Pamoja nayo akaja Aluoch wa kuiendesha, binti wa Kisumu, kucha fupi, kicheko kirefu. Siku ya pili tu, Daktari Okwera, mkuu wa maabara, akamletea kiti. Kiti! Na Joska miaka yote hiyo alikalia stuli aliyojinunulia.

"Mama Mkono," Ojera wa stoo akamchokoza, "mwenzako huyu wa chuma haumwi kiuno, wala haombi ruhusa ya msiba. Wewe tukuletee nini, grisi?"

"Jiletee akili kwanza."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kijicho kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki: kukimeza hakimezeki, kukitema aibu.

Kisha Okwera akatangaza kwamba chumba cha mashine kinataka msimamizi. Ijumaa wangefanya jaribio la kwanza kamili, na baada ya hapo angemchagua mmoja kati ya wale wanawake wawili. Joska alikitaka chumba kile mpaka akakiota.

Kazi ikagawanywa. Joska alikuza seli wiki tatu, akizilisha hata Jumapili akitoka misa. Kisha akazipanda kwenye pleti, kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye vishimo mia tatu themanini na vinne. Nusu ya kushoto seli za uvimbe, za kuonjeshwa dawa mpya. Nusu ya kulia seli nzima, zisizo na ugonjwa, za kulinganishia, zisiguswe na dawa kabisa. Kushoto na kulia utavijua kwa kona moja iliyokatwa, ambayo lazima ikae mbele, kushoto.

Ijumaa Aluoch akaweka pleti, akabonyeza, kifuniko kikaanza kushuka taratibu. Hapo ndipo Joska alipoiona ile kona. Ilikuwa nyuma, kulia.

Aluoch hakuiona, alikuwa anaongea. "Dada Joska, seli zako zimependeza kweli. Mimi singeweza."

Sifa ile ndiyo iliyomchoma zaidi. Kitufe chekundu cha kusimamisha kilikuwa hatua moja tu kutoka alipo. Hakukigusa. Alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Ndipo mdomo wake ukafunguka, ukatoa neno la utotoni, la kambi ya jeshi ya Mbuya alikolelewa na baba sajenti:

"Nyuma geuka!"

Ni amri ya gwaride. Ndivyo alivyowaambia wenzake siku zote pleti ikikaa kinyume, nao walimwelewa. Lakini Aluoch alikuwa na wiki sita tu pale. Akageuka yeye, mwili mzima, akautazama mlango.

"Nani? Kuna nani?"

Nyuma ya mgongo wake ile midomo ikashuka, ikazimwagia dawa seli nzima.

Okwera alipofika, seli za wiki tatu zilikuwa za kutupwa. "Hakuna hata mmoja aliyeona?"

"Niliona, Daktari. Nikamwambia."

"Ni kweli," Aluoch akasema, macho yamejaa machozi. "Aliniambia. Mimi ndiye sikuelewa."

Okwera akatikisa kichwa. "Joska, Jumatatu uchukue ufunguo wa chumba cha mashine."

"Asante, Daktari." Akavua glavu polepole, kidole kimoja kimoja, asimtazame yule binti aliyemtetea.

Neno alilisema, na alilisema kabla dawa haijamwagika, hapo hakudanganya. Lakini kitufe kiko karibu, na hesabu ile ya moja, mbili, tatu ameifanya kwanza. Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa niambie: Joska alisema ili asikike, au alisema ili aweze kusema kwamba alisema?